Kukadiria si Kubahatisha: Uhakiki wa Njia za Nusu-Klasiki katika Uigaji wa Vimiminika

Huenda baadhi ya wasomaji wetu wakashangaa kuona katika kurasa hizi, ambazo kwa desturi huhakiki riwaya, tamthilia na diwani, uhakiki wa njia za hesabu zitumiwazo na wanasayansi kuiga mwendo wa maji na vimiminika vingine. Hatuombi radhi kwa jambo hilo. Mhakiki ni mtu alinganishaye kazi na kile ambacho kazi hiyo inadai kukieleza, kisha akasema wazi ni wapi imefaulu na ni wapi imepungukiwa. Kazi tutakazozipima hapa zinadai kueleza kitu ambacho kila mmoja wetu hukinywa kila siku. Tena zina sura ambayo mwalimu wa lugha anaifahamu vizuri: zote ni tarjuma, na matini yake ya asili ni moja.

Matini hiyo ni mlinganyo alioutoa Erwin Schrödinger mwaka 1926. Kabla ya hapo, mwendo wa vitu ulisomwa kwa sheria za Newton, ambazo ndizo zinazoitwa mekanika ya klasiki. Katika usomaji huo kila chembe ni kama punje: ina mahali pake, ina kasi yake, na ukivijua viwili hivyo leo utaweza kuifuata njia yake hadi kesho. Mekanika ya kwanta inakataa usomaji huo. Inasema kwamba chembe haina njia moja. Ina wimbi lililotandaa mahali pengi kwa wakati mmoja, na mawimbi hayo huweza kuongezana au kufutana.

Basi kwa nini tusiisome matini yenyewe, tukaachana na watarjumi? Sababu ni kwamba haisomeki. Tuchukue mfano. Molekuli moja ya maji ina atomu tatu, na kila atomu inahitaji namba tatu ili kuonyesha mahali ilipo. Jumla ni namba tisa. Tukiamua kuligawa eneo la kila namba katika vituo 10 tu, wimbi la molekuli moja litahitaji thamani bilioni 1. Molekuli mbili zitahitaji bilioni mara bilioni. Molekuli 216, ambazo hata hazifikii tone, zitahitaji namba inayoandikwa kwa 1 ikifuatwa na sifuri 1,944. Hakuna kompyuta itakayoweza kuzihifadhi thamani zote hizo, wala hakutakuwa na karatasi ya kuziandikia. Kwa hiyo anayetaka kujua maji yanavyokwenda katika ulimwengu wa kwanta hana budi kukadiria.

Hapa tunaomba tusimame kidogo katika lugha yetu wenyewe, kwani imetuwekea tofauti ambayo wengi huisahau. Kubahatisha ni kutupa jibu na kungoja bahati. Kukisia ni kutoa jibu kwa dalili chache. Lakini kukadiria kumetokana na kadiri, yaani kipimo. Fundi cherahani akadiriapo kitambaa hajui kwa hakika ni inchi ngapi zitakazotumika, ila anajua kosa lake haliwezi kupita kiasi gani, na kwa sababu hiyo huacha akiba ya pindo. Akosaye kujua kiasi cha kosa lake hakukadiria, hata kama nguo imemkaa mteja vizuri. Kipimo hiki ndicho tutakachokitumia katika makala haya. Hatutauliza tu kama njia fulani imepata jibu. Tutauliza kama inaijua akiba ya pindo lake.

Yafaa kwanza tuthibitishe kwamba kuna haja ya kwanta katika kimiminika, maana usomaji wa klasiki haukuwa dhaifu hata kidogo. Mwaka 1964 Aneesur Rahman aliiga agoni katika hali ya kimiminika kwa kutumia atomu 864 zilizofuata sheria za Newton, na mwaka 1971 yeye pamoja na Frank Stillinger wakayaiga maji kwa molekuli 216. Kazi hizo mbili ni nguzo za fani hii hadi leo. Agoni ni atomu nzito. Katika kelvini 94, halijoto aliyoitumia Rahman, urefu wa wimbi lake la joto haufiki hata thuluthi ya angstromu 1 (angstromu 1 ni sehemu moja ya milimita iliyogawanywa mara milioni 10), hali umbali baina ya atomu jirani unakaribia angstromu 4. Wimbi dogo kiasi hicho si kosa kuliita punje.

Haidrojeni ni habari nyingine. Katika joto la chumba wimbi la atomu yake ikiwa huru lina urefu wa angstromu 1 hivi, na kifungo kinachoishika kwenye oksijeni ndani ya maji nacho kina urefu unaokaribia huohuo. Haidrojeni ya kimiminika katika kelvini 14, ambapo inakaribia kuganda, inashangaza zaidi: wimbi la kila molekuli lina zaidi ya angstromu 3, na jirani yake yuko angstromu 3.5 tu mbali naye. Hapo punje zimekwisha. Yamebaki mawingu yanayogusana.

Na ushahidi si wa hesabu peke yake. Maji mazito, ambayo haidrojeni yake ina uzito maradufu, huganda katika nyuzi 3.8 za Selsiasi, si sifuri. Kwa sheria za Newton tofauti hiyo isingewezekana, kwa kuwa katika mekanika ya klasiki uzito wa chembe hauingii kabisa katika hesabu ya kiwango cha kugandia. Unaingia katika kasi tu. Kila mara barafu ya maji mazito inaposimama katika joto ambalo barafu ya kawaida ingeyeyuka, Newton anasahihishwa mbele ya macho yetu.

Tuziangalie sasa tarjuma zenyewe. Wazo la nusu-klasiki ni la zamani sawa na mekanika ya kwanta: Wentzel, Kramers na Brillouin walilitumia mwaka 1926, na Van Vleck akalipanua mwaka 1928. Mwaka 1948 Richard Feynman aliliweka katika sura inayoeleweka zaidi. Alionyesha kwamba chembe huenda kana kwamba imepita njia zote zinazowezekana, kila njia na mdundo wake, kisha midundo yote ikajumlishwa. Njia ya Newton ni ile ambayo majirani zake wana mdundo mmoja nayo, kwa hiyo haifutwi. Mtarjumi wa nusu-klasiki hubakiza njia za Newton peke yake, lakini huipa kila moja mdundo wake.

Tarjuma iliyo karibu zaidi na asili ni ile iliyotolewa na Michael Herman na Edward Kluk mwaka 1984. Hiyo huihifadhi midundo, na kwa hiyo huweza kuonyesha mawimbi yakifutana. Ubora wake ndio msiba wake. Kila njia huleta namba ya kuongeza au ya kutoa, na chembe zikiwa nyingi namba hizo hukaribia kufutana zote, hata jibu dogo linalotafutwa likazama katika kelele za mahesabu. Tunaifananisha na tarjuma ya shairi iliyoshika kila mzani na kila kina hata isiweze kuimbwa. Kwa molekuli moja au mbili ni kazi ya kusifiwa. Kwa bilauri ya maji haifai kitu.

Tarjuma ya pili imetokana na Eugene Wigner, ambaye mwaka 1932 alibuni namna ya kuliandika wimbi kama kwamba ni mtawanyiko wa punje zenye mahali na kasi. Mwaka 1998 William Miller na wenzake waliitumia kwa mifumo mikubwa kwa kuilegeza ile njia ya midundo: hali ya mwanzo huandikwa kwa kwanta, na baada ya hapo kila punje hufuata sheria za Newton. Kwa muda mfupi njia hii ni aminifu ajabu. Kasoro yake huonekana baadaye, nayo inafaa kuelezwa kwa makini.

Katika mekanika ya kwanta kifungo cha haidrojeni na oksijeni hakitulii kamwe. Hata joto lote likiondolewa, hubaki na nishati isiyoondoka, iitwayo nishati ya sifuri. Katika maji ya kawaida nishati hiyo ya mtikisiko wa kifungo ni takribani mara 8 ya ile ambayo Newton angekipa kifungo hicho katika joto la chumba. Sheria ya kwanta huifungia nishati hiyo ndani ya kifungo. Sheria ya Newton haijui kufuli hiyo. Kwa hiyo punje zikishaachiwa zifuate Newton, nishati huvuja kutoka katika vifungo na kuingia katika mwendo wa molekuli zenyewe. Vifungo hupoa na mwendo hupata joto ambalo hakuna moto ulioliwasha. Mwaka 2009 Scott Habershon na David Manolopoulos waliupima uvujaji huo katika maji na kuuweka hadharani. Kwa maoni yetu hii ni kasoro ya tarjuma inayoanza kwa lugha moja na kumalizia kwa nyingine: ukurasa wa kwanza ni wa asili, ukurasa wa kumi ni wa mtarjumi.

Tarjuma ya tatu ndiyo iliyoenea kuliko zote, ijapokuwa si wataalamu wote wanaokubali kuiita nusu-klasiki kwa maana kali ya neno hilo. Mwaka 1981 David Chandler na Peter Wolynes walieleza kwamba, kwa mambo yasiyohusu wakati, chembe moja ya kwanta ni sawa kabisa na pete ya shanga za klasiki zilizounganishwa kwa springi. Joto likipungua, au chembe ikiwa nyepesi, springi hulegea na pete hutanuka. Chembe nzito katika joto jingi husinyaa hata pete ikawa punje. Kwa maji katika joto la chumba aghalabu hutumiwa shanga 32 kwa kila atomu. Huu si ukadiriaji wa ovyo: shanga zikiongezwa, jibu hulifikia lile la kwanta bila kosa.

Lakini kimiminika ni mwendo, na mwendo unahusu wakati. Pete inasema chembe imetandaa vipi, haisemi inakwendaje. Hapo ndipo watarjumi walipogawanyika. Jianshu Cao na Gregory Voth, katika miaka ya 1993 na 1994, walikisogeza kitovu cha pete peke yake, kikivutwa na wastani wa nguvu zote zinazoigusa pete. Ian Craig na Manolopoulos, mwaka 2004, waliziacha shanga zenyewe ziende pamoja na springi zake, na wakauchukua mwendo huo kuwa ndio mwendo wa kweli. Njia zote mbili zina sifa kubwa: hazivujishi nishati kama ile ya pili. Na zote mbili zina aibu yake. Katika baridi, pete ya haidrojeni hujikunja kama upinde kuizunguka oksijeni, na kitovu chake huangukia ndani ya upinde huo, mahali ambapo haidrojeni yenyewe haipo; basi mtikisiko wa kifungo huonekana mzito na wa polepole kuliko ulivyo. Katika njia ya shanga kuna jambo jingine: springi zina mlio wake, na mlio huo husikika katika spektra ya miale ya infraredi kana kwamba maji ndiyo yaliyolia. Springi hizo hazimo duniani. Zimo katika kalamu ya mtarjumi. Mwaka 2014 Mariana Rossi, Michele Ceriotti na Manolopoulos walizituliza kwa kuzifunga kidhibiti joto, na milio ya uongo ikatoweka, ingawa vilele vya spektra vilizidi upana kuliko inavyopasa.

Tumefikia sasa jambo linalotusukuma kuandika. Kwa miaka kadhaa wataalamu waliamini kwamba kwanta huyafanya maji yatembee kwa wepesi takribani mara 1.5 ya wepesi ambao Newton angeyapa. Mwaka 2009 Habershon, Thomas Markland na Manolopoulos walionyesha kwamba tofauti hiyo imekuzwa. Mifano mingi ya awali ilizifanya molekuli kuwa ngumu kama mawe, au ilivipa vifungo vyake unyumbufu rahisi mno. Walipoviacha vifungo vitanuke kwa namna iliyo karibu na kweli, yalitokea mambo mawili yanayopingana. Kutandaa kwa haidrojeni baina ya molekuli hulegeza mshikamano wao na kuyaharakisha maji. Lakini nishati ya sifuri ndani ya molekuli hurefusha kifungo, huongeza mvuto wa umeme kwa jirani, na kuyapunguza mwendo. Mambo hayo mawili karibu yanafutana, na wepesi unabaki takribani mara 1.15 tu.

Msomaji wa haraka atasema: kumbe! Newton alikuwa karibu na ukweli, na taabu yote hii ni ya bure. Sisi tunaona kinyume chake. Usomaji wa klasiki ulikaribia jibu kwa kuwa uliyaacha mambo mawili makubwa ambayo kwa bahati yalikuwa na ukubwa unaokaribiana. Badili joto, au badili kimiminika, na hakuna ahadi kwamba yatafutana tena. Jibu lililopatikana hivyo ni la kubahatisha, hata likiwa sahihi. Nayo njia iliyoweka jambo moja na kuacha la pili ilikuwa mbali zaidi na jibu, ilhali ilidhani inaongeza ukweli. Mwalimu yeyote aliyesahihisha tarjuma za wanafunzi anaijua hali hii. Mwanafunzi hukosea neno, kisha hukosea kiunganishi, na sentensi ikatoka na maana iliyotakiwa. Je, tumpe alama? Na anapolisahihisha kosa moja tu, sentensi inaharibika, naye hulia kwamba elimu imempoteza.

Ndiyo maana tunaiheshimu zaidi kazi iliyokuja mwaka 2015, ijapokuwa haikuleta njia ya kutumika kwa vimiminika vikubwa. Timothy Hele, Michael Willatt, Andrea Muolo na Stuart Althorpe waliunda mwendo wanaouita wa Matsubara, ambao huihifadhi hali ya kwanta ya joto na hapohapo ukafuata njia za klasiki bila kuiharibu. Mwendo huo wenyewe ni mgumu kuhesabika, kwa sababu unarudisha ile midundo inayofutana. Faida yake ni nyingine: ulionyesha kwamba njia ya kitovu na njia ya shanga ni vipande vya mwendo huo, na ukataja kwa jina kila kitu ambacho kila moja ilikitupa. Njia ya shanga ilipendekezwa mwaka 2004 kwa sababu ilifaa. Miaka 11 baadaye ikajulikana inafaa kwa nini, na inaacha kufaa wapi. Siku hiyo, kwa maoni yetu, ilivuka kutoka katika kukisia na kuingia katika kukadiria.

Kuna kitu kimoja ambacho njia zote zinazotumika kwa vimiminika vikubwa hukiacha, nacho ni mawimbi kufutana kwa muda mrefu. Tunakubali kwamba katika maji kosa hilo husameheka, kwa kuwa molekuli hugongana mno hata mawimbi yakasahau midundo yake upesi. Lakini msamaha huo ni wa maji. Heli chini ya kelvini 2.17, inapotiririka bila mnato wowote, haitoi msamaha huo, na atakayeipelekea njia ya shanga za maji bila marekebisho ataaibika. Tarjuma iliyofaa hadhira moja si lazima ifae hadhira nyingine.

Haya yanatuhusu nini sisi walimu wa Kiswahili? Tunafundisha katika nchi ambazo wanafunzi wengi huifikia lugha hii kwa kupitia lugha nyingine, na sehemu kubwa ya kazi yetu ni kukadiria: neno la nyumbani liwe neno la darasani, nahau ya mlimani iwe nahau ya pwani. Mwalimu Nyerere alitoa tarjuma yake ya tamthilia ya Julius Caesar mwaka 1963, akaitoa tena ikiwa imesahihishwa mwaka 1969. Hakuona haya kuyarudia maneno yake mwenyewe mbele ya watu. Waungwana wa shanga na vitovu wamefanya vivyo hivyo, tena baadhi yao ndio walioandika makosa ya njia walizozibuni. Mficha uchi hazai.

Kwa hiyo tunazihukumu njia hizi hivi. Ile ya midundo ni aminifu lakini haibebeki. Ile ya Wigner ni njema kwa safari fupi, na anayeitumia kwa safari ndefu aangalie mtungi wake unavuja. Zile za pete ndizo zinazofaa kwa maji, mradi msomaji aambiwe ni mlio upi wa maji na ni upi wa springi. Nasi tunapendekeza kwamba mwalimu amwombapo mwanafunzi tarjuma, amwombe pia mistari miwili mitatu chini yake: nimeacha nini, kwa nini, na kosa langu laweza kufika wapi. Atakayeweza kuijaza mistari hiyo atakuwa amejifunza kukadiria, iwe anashika diwani au bilauri ya maji.